Marufuku ya Kindali

Mke wa Sadoki alikuwa anacheka kwa lugha ambayo Sadoki haijui, na aliyekuwa anamchekesha ni mwanamume mwingine.

Hilo ndilo lililomtoa Sadoki kwenye banda lake mchana ule, sindano ya kushonea maturubai ikiwa bado mkononi. Alikuwa fundi wa maturubai ya malori pale Tunduma, na banda lake liliegemeana na banda la chakula la mkewe, Tulinagwe. Mbele yao malori ya kwenda Zambia yalijipanga kama ng'ombe wanaosubiri josho. Madereva walikula kwa mke, maturubai yao yakashonwa kwa mume, maisha yakaenda.

Sadoki ni Mnyiha wa Hasamba. Tulinagwe ni Mndali wa milima ya Ileje. Walitongozana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, wakamlea mtoto wao Witness kwa Kiswahili, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili hicho hicho. Kindali chote alichokijua Sadoki kilikuwa jina moja, ambalo mkewe alimwita akimpa maji ya kuoga au akimfunika shuka. Hakuwahi kuuliza maana yake. Ukiitwa vizuri, unaitika tu.

Wazambia wakija kula, Tulinagwe aliwasalimia "mulishani" ya kwao na kupokea kwacha zao, na Sadoki hakujali. Hiyo ni lugha ya biashara, mtu anaivaa na kuivua kama aproni. Lakini Kindali alichoongea na huyu dereva Ambwene, Mndali mwenzake, kilikuwa kitu kingine. Alikiongea kwa mabega, kwa mikono, kwa kujipiga paja. Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda asianguke. Miaka yote ya ndoa, Sadoki hakuwahi kumfanya ashike nguzo.

"Karibu, shemeji," Ambwene alisema, akimsogezea benchi.

"Nani kakuambia mimi shemeji yako?"

"Aliyeoa kwetu ni shemeji, hata akikunja uso."

Tulinagwe akacheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa kifupi, cha Kiswahili. Sadoki akaona tofauti. Kumbe miaka yote alikuwa anapewa hicho kifupi.

Lori la Ambwene lilikwama mpakani kwa sababu ya karatasi, akawa anakuja kula kila siku. Sadoki alishona huku sikio likiwa banda la pili, mpaka sindano ikamwingia kidoleni. Hapo akamfuata Frida, Mndali mwingine, aliyekuwa anauza ndizi jirani yao.

"Dada Frida, wale wanaongea nini?"

Frida akatega sikio. "Habari za ng'ombe wa mzee mmoja kule nyumbani. Aliingia kanisani wakati wa sadaka."

"Halafu?"

"Basi, aliingia."

"Sasa hapo cha kumtoa mtu machozi ni nini?"

"Kwa Kiswahili hakipo, kaka. Kwa Kindali ungelala chini."

"Unawaficha."

"Nimfiche ng'ombe?"

Sadoki hakuamini. Mwenye wivu ukimwonyesha ng'ombe, yeye anatafuta mwanamume ndani ya ngozi yake. Jioni akamwambia mkewe, "Kuanzia leo, nyumbani na bandani ni Kiswahili tu. Sitaki kusengenywa nikiwa nimesimama hapa hapa."

Tulinagwe alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Baba Witness, tukienda kwenu Hasamba wewe na kaka zako mnaongea Kinyiha toka asubuhi. Mimi nakaa jikoni, mkicheka nacheka, sijui hata mnamcheka nani. Labda mnanicheka mimi. Niliwahi kukuambia useme Kiswahili?"

"Ile ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

"Kule ni kwetu."

"Haya," Tulinagwe alisema, akachukua ungo wake.

Akatii. Alitii mpaka ikawa kero. Ambwene alipomsalimia kwa Kindali alimjibu, "Salama, karibu, tuna wali na ugali." Ambwene akamtazama yeye, akamtazama Sadoki, akala, akanawa. Kesho yake alikula banda la ng'ambo ya barabara. Sadoki akapiga mluzi siku nzima.

Jumapili mama yake Tulinagwe akapiga simu kutoka Ileje, kama kawaida yake. Yule mama Kiswahili chake kilikuwa neno moja, "mkwe", na alikuwa akilitumia kumsalimia Sadoki kwa sauti kubwa kila mwisho wa maongezi.

"Mama, shikamoo. Sisi ni wazima," Tulinagwe alisema kwa Kiswahili, kama karani wa ofisi za serikali kule Chitete. "Mama, nimesema sisi ni wazima."

Upande wa pili sauti ikauliza kitu. Ikauliza tena, kwa hofu sasa.

"Ongea naye tu," Sadoki alisema, macho yakiwa chini.

"Tupo nyumbani, baba Witness. Nyumbani ni Kiswahili."

Simu ikakatika. Mkwe hakusalimiwa.

Siku zikaenda. Sadoki aliletewa maji ya kuoga, akaambiwa, "Maji tayari." Alifunikwa shuka bila neno. Ilimchukua muda kujua kinachomuuma ni nini, na alipojua, alimvizia mkewe akiwa anasonga ugali.

"Mbona siku hizi huniiti lile jina?"

"Jina gani?"

"Lile lako."

"Lile ni la Kindali, baba Witness."

Akatoka akaenda kwa Frida. Akamtamkia lile jina, vibaya vibaya, kama mtu anayebeba yai kwa kijiko. Maana yake nini?

Frida hakutania safari hii. "Kwa Kiswahili linapungua. Ni kama kusema, yule ambaye mvua ikinyesha unashukuru yuko ndani."

Sadoki alirudi akasimama mlangoni. "Mama Witness, ile amri nimeifuta. Ongea Kindali chako."

"Sawa," Tulinagwe alisema. "Sogea kidogo, nipite na sufuria."

Hasara yake ni hii. Ambwene anakula ng'ambo ya barabara, na madereva wa Ileje wamemfuata. Maharage mapya yaliyokuwa yanaletwa kutoka milimani kwa mama mkwe kila mavuno hayaletwi. Mama mkwe anapiga simu kwa Frida, na Tulinagwe huenda kuipokea huko, kwenye ndizi, na kicheko chake kinasikika mpaka kwenye maturubai. Nguzo ya banda haijashikwa tena. Na mvua ikinyesha Tunduma, Sadoki yuko ndani, anaitwa baba Witness.