Kutu Iliyotakatishwa

Karatasi ya kupimia iligeuka kahawia, na Bwana Maji, afisa anayepima visima, akasema kisima chetu kina aseniki. Ni sumu itokayo kwenye miamba, alisema, haionekani wala hainuki.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega, bibi."

"Mgeni wangu hanuki, hana ladha, ila ananila polepole."

"Aseniki."

"Uzee," nikamjibu. Akacheka, kisha akaandika kwenye daftari lake: atarudi baada ya mwezi, na karatasi ikiwa kahawia tena, atakifunga kisima kwa zege.

Kisima hicho ndicho kinachomlisha wifi yangu. Yeye ni dobi, na tumekaa nyumba moja tangu kaka yake, aliyekuwa mume wangu, aniache mjane.

Binti yangu, mwalimu wa sayansi, akatuambia kuwa aseniki hunasa kwenye kutu kama nzi kwenye asali. Akaenda kwenye karakana ya vyuma, akaomba vinyuzi vya chuma vinavyofagiwa kila jioni na kutupwa. Akavilowesha uani mpaka vikawa vyekundu. Kisha akatoboa pipa chini, akaweka mchanga, juu yake maganda ya mpunga yaliyochomwa, na juu kabisa vile vinyuzi. Majirani wakaliita pipa la jalala. Lakini alipopima maji yaliyotoka chini, karatasi ilibaki karibu nyeupe.

Siku moja kabla ya Bwana Maji kurudi, pipa likavuja ubavuni. Binti yangu akalimwaga, akaziba ufa, akamwachia shangazi yake beseni la vinyuzi.

"Shangazi, visuuze vumbi tu, kisha uvirudishe," akasema, akaenda kazini.

Kesho yake Bwana Maji akaja, tukamwonyesha pipa, akakinga maji chini yake, akapima, akangoja. Karatasi ikawa kahawia kama chai.

"Haiwezekani," binti yangu akasema. "Juzi ilikuwa nyeupe."

"Mwalimu, karatasi haijui juzi." Akatoa fomu ya kufungia kisima.

Binti yangu akafunua pipa. Vinyuzi vilikuwa vinameta kama vijiko vya harusi. Akamgeukia shangazi yake, ambaye alikuwa akikunja shati lililokwisha kukunjwa.

"Shangazi, umevifanya nini?"

"Nimevitakatisha. Ndimu na chumvi, usiku kucha. Miaka thelathini watu wananiletea nguo zenye kutu, nami naitoa. Ningeviacha vile, mgeni angesema nyumba ya dobi ni chafu."

"Kutu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi."

Wifi akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Sikuwa nimemwona akiketi saa za kazi tangu tulipomzika kaka yake. Kisha akamwambia Bwana Maji, "Andika jina langu hapo. Kosa si la pipa wala la huyu mtoto."

Bwana Maji akaitazama fomu, akalitazama pipa. "Naandika wiki mbili," akasema. "Hadi hapo, maji ya kunywa mchote kwingine."

Siku hizo wifi hakumruhusu mtu kugusa vinyuzi. Asubuhi anavinyunyizia maji ya chumvi, mchana anavigeuza juani, jioni anavinyunyizia tena, huku akivisema.

"Shati la watu mnaliharibu kwa usiku mmoja. Hapa mnaringa."

"Wifi, unawatukana wafanyakazi," nikamwambia.

"Wakifanya kazi nitawasifu."

Siku ya tisa vikawa vyekundu. Siku ya kumi na nne Bwana Maji akaja, akapima mara mbili, akailinganisha karatasi na kadi yake ya rangi, kisha akaichana fomu.

"Kisima kibaki wazi," akasema. "Ila pipa nitalipima kila mwezi. Kutu nayo hushiba, ikishiba haikamati tena."

Wifi akanyoosha shingo. "Karatasi imekuwa nyeupe?"

"Ina umanjano kidogo. Kiasi hicho kinaruhusiwa."

"Basi ina doa," akasema wifi, akachukua beseni lake akaenda kuanika.