Kumkimbilia Mzee Lundeen

Hapa wodini kwetu, mjini Duluth, kuna mchezo ambao hakuna aliyetufundisha, ila manesi na madaktari wote tunaujua. Mgonjwa amekwisha, lakini familia imeng'ang'ania: moyo ukisimama, afufuliwe. Kengele ikilia tunakwenda, ila taratibu. Huyu anafunga kamba za viatu, yule anatafuta glavu alizonazo mfukoni. Tunakibonyezabonyeza kifua, kisha daktari anatoka na uso wa huzuni kusema tumejitahidi.

Mzee Arvid Lundeen alibaki mifupa mitupu, saratani imemmaliza. Binti yake, Marit, hakutaka kusikia la mtu.

"Fanyeni yote, sista. Yote!"

Daktari Pruitt akanivuta pembeni. "Huyu tutamkimbilia polepole. Sawa?"

"Sawa," nikasema. Siku hizi mimi naitikia tu. Sihisi chochote, hata kwa wanangu.

Nikaenda kubadilisha mashuka ya mzee. Marit akanishika mkono. "Mtampigania kweli, sista?"

Ningesema ndiyo, yakaisha. Wala si huruma iliyonizuia, huruma ilinikauka zamani. Nilichoka kudanganya, basi.

"Hapana. Tutaigiza ili uridhike. Tukifanya kweli tutamvunja mbavu, na hatapona."

Akanikodolea macho. "Mashetani wakubwa nyie!"

"Ndiyo."

Alilia weee, mpaka akanyamaza. "Basi wewe fanya kweli. Na mimi niwepo, nione."

Kengele ililia baada ya chakula cha mchana. Pruitt alipofika akijikokota, alinikuta nimeshapanda kitandani, mikono nimeikaza kifuani kwa mzee.

"We vipi? Taratibu bwana!"

"Nimemwahidi binti yake."

Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Ubavu ukalia ka! Marit akaruka. Nikabonyeza tena, ukalia mwingine.

"Acha!" akapiga kelele. "Inatosha, sista. Mwache baba yangu."

Nikashuka. Marit akapanda nilipokuwa, akakikumbatia kichwa cha baba yake, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Pruitt akaondoka. Mimi nikabaki kuzima mashine, nikiwaza supu yangu imepoa.

"Sista," Marit akasema bila kugeuka. "Aliumia?"

Neno la kumjibu, 'hapana', lilikuwa jepesi, na kila nesi analijua. Pruitt angelisema bila kupepesa macho.

"Sijui," nikamwambia.

Hapo ndipo nilipoisahau supu, nikavuta kiti, nikakaa naye.