Sikio la Kayaki

1.

Mwaka 2017, kiangazi, katika kijiji cha Kalila kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Ufipa, Ponsiano mwana wa Leokadia alizama pamoja na wavu wake, na ziwa halikumrudisha.

Hayo ndiyo yanayojulikana kwa hakika. Yaliyosalia ni vipande.

2.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI, KALILA
TANGAZO

Wananchi wote mnatangaziwa ya kwamba, kwa mujibu wa mila na kwa kauli moja ya wazee, ni marufuku kutega wavu wa aina yoyote katika maji yaliyo kati ya Jiwe la Fisi na mdomo wa mto, hadi hapo mwili wa marehemu utakapopatikana na kuzikwa. Kila kaya yenye wavu itapeleka boya moja nyumbani kwa mama wa marehemu, kama ilivyo desturi. Yeyote atakayekaidi agizo hili

(Hapa karatasi imechanika. Upepo wa kusini hauna adabu kwa matangazo.)

3.

Maboya yakaja.

La plastiki, la buluu. La chupa ya mafuta ya kula. La kandambili iliyokatwa kwa kisu, ambalo bado lilikuwa na alama ya kidole gumba cha mguu. La mti mwepesi, jeusi kwa uzee, ambalo hakuna aliyekumbuka lilichongwa na babu wa nani.

Kila aliyeleta boya aliliweka kizingitini, akasema: “Tunakukopesha ziwa, mama.”

Naye Leokadia, asiyelia mbele za watu, alijibu kama alivyowasikia wanawake wa kabla yake wakijibu:

“Nitalirudisha.”

Wewe unayesoma, lishike neno hilo. Mwenyewe alilishika hata lilipomkata mikono.

4.

(Yaliyosikika kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, ambavyo havikuwa na dagaa.)

— Kuhe wa mwisho ulimla lini, wewe?

— Ndotoni. Hata huko alikuwa mkia mtupu.

— Ng’ambo ya Jiwe la Fisi ni vilindi visivyo na kitu. Samaki wote wamehamia maji ya maiti.

— Chunga ulimi, Gaudensia.

— Ulimi nimeuchunga. Tumbo ndilo silijui pa kulifungia. Jana kitinda mimba wangu ameniuliza: mama, Ponsiano atachoka lini kukaa mle?

— Ukamjibu nini?

5.

Maziwa mengine humrudisha mtu. Maji yao ni ya vuguvugu. Mwili huvimba, huinuka, huonekana, huliliwa, huzikwa. Ziwa hili ni refu kwenda chini kuliko milima yake ilivyo mirefu kwenda juu, na huko chini ni baridi tupu. Linachokimeza hukitunza.

(Hilo Leokadia alilijua tangu utotoni. Hata hivyo kila asubuhi alishuka ufukweni, akasimama, akapanda. Mfa maji hutapatapa. Hakuna methali inayosema afanyavyo mama wa mfa maji.)

6.

Sikstus ndiye aliyeleta habari za kayaki. Alikuwa fundi wa redio na simu, rika moja na Ponsiano. Walitahiriwa kwa wembe mmoja, walisomea Komunyo ya Kwanza katika benchi moja. Nyuma ya kilima palikuwa na kambi ya wageni wavuao samaki kwa fimbo za ndoano, kwa kujifurahisha.

“Wana kayaki, mtumbwi wa plastiki, mama, wa viti viwili. Na stoo wana chombo cha kutafutia samaki, hakijafungwa bado. Mwenye kambi amekubali tuvitumie hadi wageni wake wafike.”

“Mwanangu si samaki.”

“Chombo hakichagui. Kinapiga sauti kwenda chini, sauti inagonga kitu, inarudi. Kilichoirudisha kinachorwa kwenye kioo.”

“Kama mtu anayeita kisimani.”

“Hasa.”

Leokadia akafikiri.

“Na asiyeitika?”

“Hata asiyeitika, mama, sauti inamgonga.”

7.

MAELEKEZO YA UFUNGAJI
(kama Sikstus alivyoyafasiri kwa sauti, akiwa amepiga magoti ndani ya kayaki)

Kifaa hiki kidogo mfano wa kipande cha sabuni, chenye waya, ndicho sikio la chombo.

Usitoboe kayaki. Sikio hukaa ndani, juu ya sakafu, nalo husikiliza kupitia plastiki.

Paruza sakafu kwa msasa. Futa kwa spiriti. Mimina gundi.

Kandamiza sikio ukilizungusha polepole hadi hewa yote itoke. Hewa ni ukuta. Tone moja la hewa likibaki kati ya sikio na plastiki, sauti haipiti.

Usiguse hadi gundi ikauke.

8.

Sikstus akaenda kutafuta betri. Leokadia akaachwa ailinde gundi dhidi ya kuku.

Kalila hakuna mtumbwi uendao kumtafuta mzamaji bila nguo yake. Kipande cha nguo hushindiliwa katika ufa ulio kati ya ubao na ubao, chini kabisa, karibu na maji, ili chombo kimjue kinayemtafuta. Bila hivyo chombo ni mgeni. Kitapita juu ya mtu wako na kisimsalimie.

Alikuwa na kipande hicho: kola ya shati la Ponsiano, yenye mistari ya kijani. Akaizunguka kayaki. Akaipapasa mbele. Akaipapasa nyuma. Akainama, akachungulia tumboni mwake. Haikuwa na ubao. Haikuwa na ufa. Ilikuwa kitu kimoja tu, mfano wa kibuyu.

Palipokuwa laini ni mahali pamoja tu, chini ya sikio.

Usiguse.

Akaliinua kwa ncha za vidole, akaitandaza kola, akalirudisha sikio juu yake kwa upole, kama mtu amlazaye mtoto aliyekwisha kulala.

Kuku hawakuja.

9.

KIOO:

– – –

“Labda betri,” alisema Sikstus.

– – –

“Labda waya.”

– – –

“Jiwe lile pale,” alisema Leokadia kutoka kiti cha nyuma. “Naliona kwa macho yangu haya yenye mtoto wa jicho. Chombo cha Wazungu hakilioni?”

“Labda maji yamechafuka.”

Maji yalikuwa meupe kama glasi.

Labda.

        Labda.

                    Labda.

Wakaenda na kurudi, kutoka Jiwe la Fisi hadi mdomo wa mto, asubuhi baada ya asubuhi. Wanawake waliokuwa ufukweni waliacha kupunga mikono.

10.

(Ujumbe wa simu kutoka kwa mwenye kambi.)

Habari Sikstus. Wageni wanafika kesho jioni. Naomba kayaki irudi ikiwa safi. Mpe mama pole zangu.

11.

Ndipo Sikstus alipolibandua sikio kwa kisu, akidhani ameacha hewa kwa uzembe wake mwenyewe.

Aliitazama ile mistari ya kijani iliyokuwa imegandamana na gundi.

“Mama. Hii ni nini?”

“Unaijua.”

“Nani aliiweka?”

“Chombo hakikuwa na ufa,” alisema Leokadia. “Ningeiweka wapi?”

Angeweza kupaza sauti. Angekuwa na haki. Badala yake alivua kofia.

“Nguo hushika hewa, mama. Sauti haikutoka hata siku moja. Tumekuwa tukimtafuta kwa chombo tulichokiziba sikio.”

“Kwa shati lake.”

“Kwa shati lake.”

Alimpa ile kola, ngumu sasa kama ganda la kobe. Kisha akachukua msasa, akaanza upya.

12.

KIOO:

4
9
        17

Kilikuwa kinaona. Kilihesabu kina kwa mita. Kilichora mawe. Kilichora mchanga. Kilichora samaki, kila mmoja upinde mdogo, pinde juu ya pinde, hata kioo kikaonekana kama ukili uliosukwa: samaki wote ambao watoto wa Kalila hawakuwa wamewala.

                31

                        58

“Simama,” alisema Leokadia.

Kando ya mteremko palikuwa na kitu.

“Ni yeye?”

“Ni kitu, mama.”

“Kitu gani?”

“Kirefu. Kimelala.”

“Magogo nayo hulala.”

“Ndiyo, mama. Nayo hulala.”

“Nani aweza kushuka huko?”

Kalila hapakuwa na mtu wala kamba ya kufika huko na kurudi. Upepo uliisukuma kayaki. Walipogeuka, kitu hakikuonekana tena. Wakapita mara ya pili. Wakapita tena. Kisha chini pakaporomoka, sauti ikaenda isirudi, na kioo kikasema lile neno lake la zamani:

– – –

Wageni walikuwa wamekwisha kufika. Mmoja alisimama gatini na fimbo yake, akisubiri kiti.

13.

TAARIFA YA KUFUNGA MSIBA
Jina la marehemu: Ponsiano
Mwili umepatikana: NDIYO / HAPANA (kata lisilohusika)

Leokadia aliishika kalamu mpaka Bwana Mtendaji akakohoa.

“Mama, lazima neno moja likatwe.”

“Likate wewe, baba. Mimi niliyemzaa silijui lipi.”

14.

Likachimbwa kaburi lenye urefu wa mtu. Wazee walisema dogo lingetosha, Leokadia akakataa. Ndani yake, badala ya mwili, iliwekwa kola ya shati, isiyozidi kiganja, na juu yake udongo wote uliotoka.

Padri alisoma haraka. Hakuna aliyelia kwa sauti. Mtu hulia akiwa na cha kulilia.

15.

Dawa ya deni ni kulipa.

Asubuhi iliyofuata Leokadia alijitwisha tenga la maboya, akapita mlango kwa mlango. La buluu. La chupa. Lile jeusi lisilo na mwenye kukumbukwa aliliacha kwa mzee aliyelileta, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kila mlangoni alisema neno moja tu: “Ziwa lenu.” Nyuma yake, mlango hata mlango, watu walishusha nyavu zao kutoka kwenye paa.

La kandambili lilikuwa la mwisho. Gaudensia alikuwa uani na wavu magotini, sindano mkononi, akiziba matundu yaliyotafunwa na panya.

“Mama, karibu.”

“Sikai. Ziwa lenu.”

Gaudensia hakunyoosha mkono.

“Mama. Na wavu wangu ukimgusa?”

Upepo wa kusini ulipita uani, ukaondoka.

“Utaniita.”

“Na usipomgusa? Watoto wangu wale samaki wa maji yale, wanyamaze?”

“Wale,” alisema Leokadia. “Washibe.”

Akaufungua mkono wa Gaudensia, akaliweka boya katikati ya kiganja, akavikunja vidole vya yule mwanamke juu yake, kimoja kimoja, mpaka vikafunga.

“Pokea, mwanangu.”

“Nimepokea.”