Agosti ya Kioko

Kioko alipoteza mwezi mzima wa Aprili, na kilichompotezea ni kisu chake mwenyewe.

Alikuwa fundi wa fremu nyumbani kwa Nick, mhandisi wa mtaa wa Al Thumama, ughaibuni, aliyekusanya kurasa za vitabu vya sala vya Wakristo wa kale, zile zilizopambwa kwa dhahabu. Nick alinunua kitabu kizima, akabaki na kurasa alizozipenda, nyingine akabadilishana na wenzake. Kukata ilikuwa kazi ya Kioko. Kitabu cha safari hii kilianza na kalenda ya watakatifu, kila mwezi na ukurasa wake. Alikata Aprili, ukatumwa ng'ambo. Machi thelathini na moja akalala, akaamka Mei mosi.

"Umerudi," alisema Damaris, mpishi, akimmiminia chai. "Angalau shuka hukuchafua."

Juni, mkusanyaji mwingine akataka Agosti, wenye picha ya mkulima anayepura ngano. Agosti ndiyo ilikuwa likizo ya Kioko, ya kwanza kwa miaka mitatu. Kwao, katika mji wa Wote, wakwe wangeleta mbuzi wa ntheo, na kwa Wakamba msichana hajaolewa mpaka mbuzi hao wapokewe. Msichana mwenyewe ni Phoebe, bintiye wa kwanza.

"Huu kata mwenyewe, bosi," alisema Kioko.

"Mikono yangu inatetemeka. Na likizo si nimeshatia sahihi?"

"Ya mwezi ambao sitakuwa nao. Nipe Julai."

"Julai nina wageni."

Jikoni Damaris alimwambia, "Si ukatae?"

"Nikikataa nitafukuzwa, nirudishwe Kenya."

"Kwani si huko unataka kwenda?"

"Na karo ya wale wadogo utalipa wewe?"

Damaris akageukia sufuria yake. Kioko akakata ukurasa polepole, asije akaharibu kingo.

Aliamka Septemba mosi. Nick alimwambia likizo imekwisha. Kwenye faili iliandikwa amepumzika mwezi mzima, na kweli hakuna aliyemwona kazini. Kisha akamwekea Novemba mezani.

Kioko alikaa akahesabu. Siku thelathini na moja. Tiketi moja iliyoachwa na ndege yake. Mbuzi watatu, waliopokewa na ndugu yake. Binti mmoja, aliyempigia mara kumi na tisa kabla ya sherehe, na ambaye sasa hapokei simu.