Maua ya Kinamasi

Balaa ililetwa na picha moja tu. Mpiga picha alimsimamisha bibi harusi katikati ya maua ya zambarau kule mlimani, kwenye kinamasi kilicho nyuma ya nyumba ya shangazi yake yeye mpiga picha, kisha akaibandika picha dirishani mwa studio. Tangu hapo hakuna bibi harusi aliyekubali kupigwa picha mbele ya pazia la studio. Kila Jumamosi, shangazi akishateremka sokoni, mpiga picha aliwapandisha maharusi kwa njia ya nyuma. Ruhusa hakuomba, maana jibu alilijua.

Leo amekuja kwa shangazi na kilo ya sukari na moyo mzito.

Maua yale hukauka kila kiangazi, na mvua zikirudi huchipua kutoka mizizi ile ile ambayo shangazi aliikuta alipokuja kuolewa. Safari hii mvua zimerudi na kinamasi ni matope matupu. Nyayo zimechimba mifereji, maji yote yanakimbilia bondeni. Vishimo vingine ni vidogo, vya duara. Ng'ombe gani huvaa viatu vya visigino?

"Ni ng'ombe wa jirani," shangazi alisema akimmiminia chai. "Nimeshamkanya. Hata salamu yake siitikii siku hizi."

Jirani huyo, mzee mgane, ndiye aliyekuwa akimpasulia kuni na kumjulia hali kila asubuhi. Huko juu shangazi hakuwa na mtu mwingine. Mpiga picha akafungua kinywa aseme, chai ikamuunguza, naye akafurahi kupata sababu ya kunyamaza. Alijichukia kwa furaha hiyo.

Hodi ikasikika. Jirani alikuwa amesimama uani, kofia mkononi.

"Dada, ng'ombe nimempeleka kwa mwanangu, mbali. Hatakuharibia tena. Nisamehe, sikujua kama anatoroka."

"Umeona?" shangazi alinong'ona. "Kumbe alijijua."

Mzee alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu, na alizoea kuzungumza naye kama mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mpiga picha ilikuwa imeishia hapo mlangoni. Neno moja lingetosha. Shangazi angemfukuza yeye, lakini wazee wawili wangepatana.

"Pole, mzee," mpiga picha akasema, kama mpita njia.

"Ahsante, mwanangu," mzee akajibu, akivaa kofia yake. "Angalau wewe una utu."