Ada ya Soba

Honorata alipoulizwa anafanya kazi gani, alijibu kwamba anauza tangawizi. Haukuwa uongo mtupu. Huko kwao Bombo, mlimani, ana kashamba kake mteremkoni, na mwaka ukiwa mwema hujaza magunia kadhaa. Lakini ukifika kijijini ukamuulizia Mama Paschal, hakuna atakayekuonyesha tangawizi. Utaonyeshwa benchi, wanaume walioketi juu yake, na vikombe vyao vya dengelua, ile pombe ya miwa ambayo Wapare wameinywa tangu enzi za mababu.

Aliyeuliza ni Ibrahimu, msimamizi wa soba moja mjini Same, nyumba wanakopelekwa walioshikwa na ulevi au unga ili waachane navyo. Naye zamani alishikwa, kwa hiyo aliuliza kwa upole. Paschal, mtoto wa pekee wa Honorata, aliketi pembeni ameibana mikono yake katikati ya magoti isionekane inavyotetemeka. Alimsikia mama yake akisema tangawizi. Akainamisha kichwa, na Honorata akaona haya kuliko kama angesutwa mbele ya watu.

“Nauliza, mama, kwa sababu ada ni ya kila mwezi,” Ibrahimu alisema. “Familia nyingi zinaanza vizuri halafu zinakwama njiani. Kijana anarudi nyumbani hajapona, na akirudi hivyo anaanguka vibaya kuliko mwanzo.”

“Nitalipa, baba. Hata ikibidi niuze sufuria.”

Kufika hapo hakukuwa kazi ndogo. Kwa muda mrefu alikuwa amemficha. Aliwaambia wanajumuiya kwamba Paschal ana vidonda vya tumbo. Wakaja, wakasali rozari nzima, wakamwachia maziwa ya mgonjwa. Mgonjwa akayauza maziwa, akanywea. Kisha siku moja bodaboda yake ikaingia korongoni naye akiwa juu, na nesi aliyemshona akamwambia Honorata waziwazi kwamba tumbo la kijana halina kosa lolote, ila kuna soba Same, ampeleke. Honorata hakuwa amejua kama ulevi una mahali pa kutibiwa. Alidhani dawa yake ni aibu, na aibu walikuwa nayo ya kutosha.

Aliporudi mlimani aliyafunika mapipa yake ya pombe kifudifudi na kumwahidi Mungu kwamba basi. Ada ya kwanza akauza mbuzi. Ya pili alichangiwa na jumuiya, safari hii wakiujua ukweli, na hakuna aliyemsema hata kwa jicho. Hilo lilimuuma zaidi. Ulipofika wakati wa ada ya tatu, zizi lilikuwa tupu na tangawizi bado changa ardhini. Wiki hiyohiyo mvua ikabomoa barabara, mwenyekiti wa kitongoji akaitisha msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe lake. Msaragambo bila dengelua ni adhabu, muulize Mpare yeyote. Mwenyekiti akaja mwenyewe mlangoni.

“Mama Paschal, watu watachoka. Tutawapa nini?”

Honorata akayainua mapipa. Alijiambia ni mara moja tu, kisha mwezi mwingine ukaingia na ada yake, na mwingine tena.

Kila aliposhuka Same na fedha zake pembeni mwa kanga, alimkuta Paschal amenawiri zaidi. Mikono ilitulia. Alimpikia mama yake hata makande, akacheka yalipoungua.

“Tangawizi mwaka huu imekubali, eeh mama?” aliuliza siku moja.

Honorata hakujua kama ni utani au ni kisu. Akasema imekubali. Njiani kurudi alikaa dirishani akiwapitisha moyoni wateja wake mmoja mmoja, na alijua vizuri kwamba kila kilo anayoiongeza mwanawe inapungua kwa mtoto wa mwenzake. Akajitetea: wasipokunywa kwangu, watakunywa kwingine. Akalala usingizi kwa maneno hayo, ingawa si usingizi wa kupumzika.

Mchana mmoja Careen alikuja. Careen ni jirani wa ng'ambo ya mfereji, mama yake Asheri. Yeye na Honorata walipata komunyo ya kwanza siku moja. Alimkuta anatwanga miwa. Akakaa kwenye benchi la wanaume bila kusubiri kukaribishwa.

“Sijaja kugombana, Mama Paschal.”

“Karibu, dada.”

“Asheri amekwisha. Jana ameng'oa mabati ya jiko langu akayauza. Nielekeze huko ulikompeleka Paschal.”

Honorata akaweka mchi chini, akamweleza: nyumba ilipo, Ibrahimu ni mtu wa namna gani, mgonjwa anatakiwa aende na nini. Mwisho akataja ada. Careen akaguna.

“Mbuzi sina. Tangawizi yangu imeozea shambani.” Akayatazama mapipa. “Wewe unalipa kwa hayo.”

“Kwa hayo.”

“Basi nifundishe.”

“Careen, usiseme hivyo.”

“Niseme nini? Nimwache mwanangu afe ili mimi nionekane msafi? Wasipokunywa kwako si watakunywa kwingine? Basi na mimi niwe huko kwingine.”

Maneno yaliyokuwa yakimlaza Honorata usingizi, sasa yalipotoka kinywani mwa mwenzake, yalinuka. Lakini angemkatalia kwa uso gani? Akaanza kumfundisha. Miwa ya kuchagua, namna ya kuitwanga na kuikamua, vipande vya tunda la mwegea vya kuichachusha, pipa likae karibu na moto, lifunikwe. Careen alisikiliza kama mtoto wa katekisimu.

“Na nitajuaje kama imeiva?”

Honorata akafuta mikono kwenye kanga. Dengelua haikuwahi kupita kooni mwake. Alilelewa hivyo, na parokia nzima ilimsifu, mwuzaji asiyeonja. Aliyeonja alikuwa Paschal. Alikuwa bado na kaptula ya shule, anapewa kijiko, baadaye kikombe, anafumba macho na kusema bado au tayari, na hakukosea hata siku moja. Wateja walimpigia makofi. Mama yake alijivuna, Mungu amsamehe, alijivuna kuliko alivyojivunia ripoti zake za shule.

“Sijui,” alisema. “Sijawahi kujua. Paschal ndiye alikuwa ananionjea, tangu darasa la pili.”

“Maskini,” Careen alisema. Kisha, kama mtu anayetaka kuijua kazi hadi mwisho, akauliza, “Na sasa hayupo. Anakuonjea nani?”

Honorata angeweza kumtaja mzee yeyote wa benchini. Alifungua kinywa, na kabla hajasema, aliona uso wa mwenzake umebadilika; alikuwa ameshajijibu. Asheri alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi kabla ya chai, akimuaga mama yake kwamba anakwenda kumsaidia Mama Paschal kukamua miwa.

“Tangu lini?” Careen aliuliza.

“Tangu msaragambo.”

“Unamlipa?”

“Namjazia kikombe. Kile kikubwa.”

Careen aliinuka. Honorata alisogea pembeni ili mapipa yabaki wazi mbele yake, akaomba kimoyomoyo ayapige mateke yote, yamwagike hadi mferejini, kijiji kizima kisikie. Angemshukuru. Careen alisimama akiyatazama, akajifunga kanga upya, akaketi tena palepale.

“Endelea,” alisema. “Umefika kwenye kufunika. Kuonja nitaonja mwenyewe.”