Kifuniko cha Barabara ya Mawaridi

Nubia alianguka asubuhi yenye ukungu, tukiwa kwenye msafara wetu wa baiskeli kwenda kazini kwenye mashamba ya maua. Alikuwa mbele yangu. Niliona taa yake ya nyuma ikizama ghafla, kisha nikasikia chuma kikigonga lami. Kifuniko cha mtaro wa maji ya mvua kilikuwa kimeibwa, na gurudumu la mbele lilikuwa limeingia lote. Yolima, kiongozi wetu, alitupa baiskeli yake pembeni, akarudi mbio, akamfunga mkono kwa skafu yake.

"Usinisogeze, shoga," Nubia alimwambia. "Nimesikia kitu kimevunjika, na si baiskeli."

Ulikuwa mtulinga, mfupa wa juu ya kifua karibu na bega. Daktari alimkataza kushika mkasi wa mawaridi mpaka msimu wa Siku ya Wapendanao upite, na huo ndio msimu unaotulisha sote. Yolima ndiye aliyemshawishi Nubia aache basi ajiunge na msafara. Hakulisema hilo, ila tangu siku ile hakutulia. Akikaa, goti linacheza. Akila, anainuka kabla hajamaliza arepa yake, mkate wetu wa mahindi.

Aliripoti shimo kwa simu, kwenye mtandao wa manispaa ya Santa Brígida, picha akaweka. Siku chache baadaye jibu likaja: limeshughulikiwa. Kesho yake tukapita. Shimo liko pale pale, limeachama.

Tulikwenda ofisini, yeye na mimi, baada ya zamu. Dada wa mapokezi aliangalia kompyuta yake.

"Barabara hiyo si yetu, mama. Ni ya jimbo."

"Sasa mlishughulikia nini?"

"Tuliwajulisha jimbo."

"Jimbo nimewapigia. Wanasema mtaro ni wenu."

"Inawezekana," alisema, wala hakuwa akitania. "Barabara yao, mtaro wetu. Subirini tu."

"Tutasubiri, lakini tunasubiri juu ya magurudumu mawili," Yolima alimjibu, na tayari alikuwa mlangoni.

Jumapili tukanunua rangi ya njano, tukachora duara kubwa kuzunguka shimo, ili mtu alione hata penye ukungu. Kumbe hapo ndipo tulipoiamsha manispaa. Jumanne tu, tukienda kazini, tulilikuta gari lao limeegeshwa, na vibarua wawili wenye ndoo ya rangi nyeusi. Msimamizi wao, mzee Arcenio, alituambia kwa upole kwamba kuchora barabarani ni kosa, nao wametumwa kufuta.

"Na shimo?" Yolima akauliza.

"Mimi nimetumwa kufuta rangi, mama."

Yolima akanipa baiskeli yake niishike. Akateremka ndani ya shimo, akasimama humo, lami ikimfika kiunoni. Msururu wa malori ukaanza kujipanga nyuma yetu. Honi zikalia.

"We mama, umeota hapo?" dereva mmoja alipaza sauti.

"Nimwagilie maji, nitatoa maua," Yolima akamjibu bila kugeuka.

Watu wakacheka, hata vibarua. Arcenio alipiga simu, ikaita bila kupokewa. Akapiga tena. Alikuwa akitoka jasho ijapokuwa baridi ilikuwa kali. Ndipo Yolima akaona nyuma ya gari lao kifuniko kipya cha chuma.

"Kile cha wapi?"

"Cha kwingine."

"Basi anza na hapa, ambapo mtu ameshavunjika."

Mzee aliangalia malori, akaangalia simu yake, kisha akawaambia vijana wake wakishushe. Siku hiyo tulifika shambani tumechelewa, tukakatwa ujira wa nusu siku, na hakuna aliyenung'unika.

Alhamisi tulikwenda kumwona Nubia. Dada yake, anayeishi upande wa shule, ndiye aliyetuambia kwamba kifuniko kile kilikuwa cha mtaa wao. Shimo lao li wazi, na watoto wanapita hapo. Yolima aliweka kikombe chini, akatoka. Nilimfuata kwa baiskeli, nikamkuta karibu na shule, amesimama mbele ya mama mmoja muuza empanada, zile sambusa za kwetu, Doña Eufrasia. Huyo alikuwa ametumbukiza stuli yake shimoni, miguu juu, iwe alama.

"Tuliahidiwa kifuniko Jumanne," Eufrasia alisema. "Kikaishia njiani."

"Mimi ndiye niliyekichukua, jirani."

Eufrasia aliichomoa stuli yake. "Basi simama hapa wewe," akasema, "mimi nikaangalie mafuta yangu yasiungue."

Yolima akasimama. Watoto walipotoka shuleni aliwashika mikono, akawavusha kwa makundi. Kila siku baada ya zamu alirudi pale, na asubuhi Eufrasia alishika zamu yake. Kisha wakaenda ofisini wawili, pamoja na Nubia aliyefungwa mkono, wakakaa mapokezi mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake wakarudi tena.

Kifuniko kilikuja wiki iliyofuata. Arcenio alikileta mwenyewe, akapiga magoti kukikaza. Alipomaliza, Yolima alipanda juu yake kwa miguu yote miwili, akaruka kukijaribu.

"Kimekaa," akasema. "Sasa twende kwenye shimo gani?"

"Niache kwanza nile empanada, mama," mzee alijibu akijifuta mikono. "Kisha nitakuonyesha."

Yolima alikuwa ameshapanda baiskeli.